Mkono wa Roida

Katika darasa la kuombea wagonjwa, Mchungaji Elinami alisisitiza jambo moja: ukimwekea mtu mkono, fumba macho, wala usiuondoe mpaka uhisi joto.

Leo Roida alitumwa peke yake kwa mara ya kwanza, kwa mzee Obadia. Alimpaka mafuta kwenye paji la uso, akamwekea mkono kifuani, akaomba mpaka sauti ikamkauka. Alipohisi joto, alifumbua macho akitabasamu. Kifua hakikupanda wala kushuka. Joto lilikuwa la kiganja chake mwenyewe.

“Afadhali amelala, mwanangu,” mke wa mzee alisema kutoka mlangoni. “Tangu juzi hajapata usingizi. Ngoja nimpashie uji, akiamka anywe.”

Roida hakuondoa mkono. Alisikia mwiko ukikwangua sufuria jikoni, akafumba macho tena.