Mbegu ya Mpole

Paa! Mcha alilisikia kofi kabla ya kuhisi maumivu. Hakuona kitu, maana alikuwa amefungwa kitambaa machoni. Ngumi ikafuata tumboni.

"Umekunja vidole!" kaka yake, Ngwali, alifoka. "Kesho kliniki ukikunja hata kimoja, wanakutimua."

Sheria ilikuwa hiyo: mwanamume hatoi mbegu mpaka apigwe asirudishe, ili wanaozaliwa wawe wapole. Ngwali hakuwa na mbegu za kuzaa, na za mtu baki hakuzitaka. Alitaka mtoto wa damu yao, kwa hiyo kila jioni alimfunza mdogo wake kuvumilia, hapo hapo sebuleni.

"Wangekupima wewe, kaka, usingevuka hata geti," Mcha alisema huku akitema damu.

Ngwali akacheka. "Mimi hawanipimi. Mlezi hapimwi." Paa!

"Basi, jamani, utamuua," mkewe, Mize, alisihi.

"Nawe unataka zamu?"

Mize akashika tumbo lake ambalo bado lilikuwa tupu.

Kesho yake kliniki walimpiga Mcha mpaka jino likang'oka, na vidole vyake havikukunjika. Alifaulu. Ngwali alimpokea mlangoni, akamkumbatia kwa nguvu huku machozi yakimtiririka, asijali mbavu zilizovimba.

"Umenipa mwana, mdogo wangu," alisema. "Nakuahidi mbele ya mke wangu: nitamlea mimi mwenyewe, kwa mkono huu huu niliokufunza wewe."