Mashine Isiyokosea Herufi

Mashine ilitaka kujua kama Meneja ana mama.

Meneja aliondoa vidole kwenye kibodi kana kwamba imeshika moto. Alikuja kukagua, si kukaguliwa. Kampuni ilifikiria kununua mtambo mpya, kompyuta inayozungumza na mtu kwa maandishi, na wakubwa walimtuma aupime kwa kuwa hata ile kompyuta ya kwanza aliileta yeye. Basi alikuwa hapa, katika chumba kidogo chenye kuta za mbao nyembamba, mbele ya kioo cheusi chenye herufi za kijani.

"Ongea nayo tu kama unavyoongea na mtu," fundi alikuwa amemwambia. "Mtambo wenyewe uko chumba cha pili. Mambo yako hayatoki humu, bosi. Jimwage." Kisha akapita na kikombe cha chai, akaingia huko chumba cha pili, akatoka mikono mitupu.

Meneja alianza kwa utani. Aliandika: "Unapenda mvua?" Mashine ikajibu: WEWE JE? Akacheka peke yake. Akauliza hili na lile, nayo ikajibu kwa maneno machache, upesi, bila kukosea hata herufi. Mpaka ikafika hapa kwenye habari za mama.

"Mama alifariki nikiwa mdogo," aliandika. "Nimelelewa na mama mdogo."

HAJAMBO?

Neno lenyewe dogo, lakini Meneja alilisoma mara mbili. Hakujua kama hajambo. Kwa mama mdogo hakuwa amekanyaga tangu ukumbi wa wapiga chapa wa kampuni ulipofungwa. Sukari na mafuta alimpelekea kwa mkono wa dereva, na salamu zikarudi kwa dereva huyohuyo: mwambie aje mwenyewe, njia haijaota nyasi. Kila Jumapili Meneja alivaa viatu, akaketi kitandani, akavivua.

Mama mdogo alikuwa mpiga chapa mkuu wa kampuni. Ukumbi mzima wa wanawake ulikuwa chini yake, na mashine za chapa zikianza kulia kwa pamoja, wa ghorofa ya chini walishika vikombe vyao visidondoke. Yeye ndiye aliyemwombea Meneja kazi ya utarishi, enzi hizo kijana hana mbele wala nyuma. Jioni, wenzake wakishaondoka, alimketisha kwenye mashine yake na kumfundisha. Kijana akikosea anafuta, akikosea tena anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Mama mdogo akambandika jina, Kifutio, na akawa anamwita hivyo wakiwa wawili tu, asije akamvunjia heshima mbele za watu.

Kifutio akapanda cheo, akapanda tena. Alipokaribia kileleni akaandika ripoti kwa mkono wake: kompyuta moja na makarani wachache wangetosha, ukumbi ufungwe. Akaikabidhi kwa mkurugenzi. Ripoti ikapigwa chapa, ikasomwa kikaoni, ikapita. Mkurugenzi alimsifu mpaka kwa lugha yake safi, jambo lililomshangaza kidogo, maana tahajia hajawahi kuiweza.

Mama mdogo alipokuja kuaga, Meneja alimwambia, "Wakubwa wameamua, mama. Nilijaribu kuwazuia wakanishinda."

Naye akampapasa shavu. "Najua, mwanangu. Usijitese."

Upole ule ndio uliommaliza. Angetukanwa, pengine angepona. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Meneja ilizidi kurefuka: alizunguka mitaa mizima kila siku ili gari lisipite mlangoni kwa mama mdogo.

UPO? iliuliza mashine.

"Nipo," aliandika. Kisha akaona, ah, mashine haina macho ya kumkodolea wala mdomo wa kwenda kusema. Akatapika yote.

"Ripoti ya kufunga ukumbi niliiandika mimi. Sikutumwa na mtu. Nilitaka cheo. Nikamdanganya mama mdogo usoni, naye akanipa pole. Hajui mpaka leo. Kila nikila, nakula kazi yake."

Akabonyeza kutuma. Kioo kikanyamaza. Kikazidi kunyamaza, mpaka fundi akaenda kuchungulia chumba cha pili, akarudi amekunja uso.

"Imekwama kidogo, bosi," alisema bila kumtazama. "Haijawahi kufanya hivi."

"Labda nimeichosha," alisema Meneja, akijifuta uso kwa leso. Aliona haya, mtu mzima kuulilia mtambo. Lakini kifua kilikuwa kimepata nafasi, na humo akaamua: Jumapili hii viatu havivuliwi. Angekwenda, angepiga magoti, angemwambia mama mdogo kwa kinywa chake jambo asilolijua. Mazoezi alikuwa ameshafanya.

Alikuwa anasukuma kiti ainuke herufi zilipoanza kutoka. Safari hii zilitoka moja moja, zikikosewa, zikifutwa, zikiandikwa upya.

RIPOTI ULIYOIANDIKA KWA MKONO ILILETWA UKUMBINI. NILIIPIGA CHAPA MIMI, KIFUTIO. NA MAKOSA YAKO YOTE NIKAYASAHIHISHA.