Hodi

Fundi redio alikiinamia kibao cha saketi ambacho bintiye alikuwa amekifunga nyuma ya mlango wa chumba. Waya wake ulifika hadi kwenye taa iliyokuwa kando ya cherehani ambayo mkewe alikuwa akishonea.

"Kibiskuti hiki? Swichi yake iko wapi?"

"Hakina, Baba. Nimekiandikia programu, kinajua la kufanya. Toka nje, ubishe hodi."

Mkewe alikuwa kiziwi mwaka wa kumi na moja sasa. Kumwita ni kumgusa bega, na kila akiguswa alishtuka.

Fundi akatoka, akafunga mlango, akabisha kwa aibu, kama mtu anayesalimia ukuta.

Chini ya mlango mwanga mwekundu ukawaka, ukazima. Cherehani ikanyamaza.

"Karibu!" mkewe akaitikia.

Fundi hakuingia. Akabisha tena.