Sekunde Kumi Bila Kugusa

Mama aliandika herufi moja, ikafutwa. Akaandika nyingine. Nayo ikafutwa, na vidole vyake viko hewani.

"Shoga, si mimi ninayefuta," alisema. "Kuna mtu humu ndani ya fomu."

Jirani yake fundi cherehani, mwenye kompyuta, aliacha shati alilokuwa akilikunja pindo, akainama kutazama. Juu ya fomu palikuwa na maneno mekundu: *Mtu mwingine anaandika hapa.*

"Mama yangu wee! Mwizi huyo," fundi alisema.

Ilikuwa fomu ya upasuaji wa moyo. Nafasi iliyobaki ni moja tu, na maombi yanafungwa saa sita mchana. Jana muuguzi aliwapa baba na mama namba ya mtoto ya kufungulia fomu, akawaeleza taratibu kama anayefundisha watoto: "Mwishoni hamna cha kubonyeza. Mkimaliza, ondoeni mikono. Zikipita sekunde kumi bila kuguswa, inakwenda yenyewe. Ukigusa hata herufi moja, inaanza kuhesabu upya. Na namba hii msimpe mtu. Wapo wanaoziiba, wakaweka majina ya watoto wao."

Asubuhi mumewe aliinakili kiganjani kabla ya kwenda ghalani. "Niwe naiombea," alisema. Huko kazini kwake simu huachwa getini, ndani ya sanduku lenye kufuli. Leo hakuwa wa kutegemewa.

Nyuma yao, kwenye mkeka, mwanawe Kifaranga alikuwa amelala, miaka sita, kifua kikipanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa mkononi.

"Nikiacha tu kuandika, atabandika jina la mwanawe, iondoke."

"Basi usiache! Mimi nakimbia kutafuta gari. Tukamshtaki huko huko hospitali."

Fundi akatoka, futi ya kupimia ingali shingoni.

Mama hakuacha. Akaweka herufi, ikafutwa. Akaweka nukta, ikafutwa. Pembeni hesabu ilishuka: tisa, nane, saba. Akagusa, ikarudi kumi. Mgongo ulimuuma, macho yakamwasha, jasho likamtiririka mpaka kwenye vidole. Mwizi naye hakuchoka. Ajabu, jina la Kifaranga hakuligusa, wala tarehe ya kuzaliwa, wala lolote lililokwisha kujazwa. Alifuta tu kile kilichoongezwa muda uleule.

"Ananichezea," mama alinong'ona. "Paka na panya."

Zilipobaki dakika tatu, aliona bora ajishushe. Aliyefikwa na shida hana haya. Akaandika haraka, machozi yakidondokea mkono: *tafadhali nihurumie mwanangu anaumwa*

Maneno yakaliwa moja moja, kuanzia mwisho, mpaka *tafadhali* nalo likaisha.

"Una roho ya jiwe wewe," aliiambia kompyuta. Akaendelea.

Saa sita kasoro dakika moja.

"Mama."

"Nakuja, kipenzi. Subiri kidogo."

"Mama, pumzi haitoki."

Aligeuka. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka zambarau. Mkono mmoja ulibaki juu ya herufi, mwingine ukanyooka kuelekea mkekani, na katikati ya mikono hiyo miwili hakukuwa na mama wa kutosha. Hesabu ilisema sita.

Akaiacha.

Alipiga magoti, akamwinua Kifaranga, akamwegemeza kifuani, akampuliza usoni. "Vuta. Taratibu. Vuta na mama." Walivuta pamoja, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu pumzi ikaingia, nyembamba kama uzi, ikafuatwa na nyingine.

Mezani kompyuta ililia kengele moja.

Hakutaka kutazama, lakini alitazama. *Fomu imetumwa. Nafasi ya mwisho imejazwa.*

Akamkumbatia mwanawe, akalia bila sauti ili asimtishe. Hapo simu yake ikatetemeka juu ya cherehani. Alifikiri ni fundi amepata gari. Ilikuwa namba ya mumewe. Akapokea.

"Mama Kifaranga, niliingiza simu kwa magendo, nimejificha chooni tangu saa tano. Kuna mwizi aliingia kwenye fomu ya mtoto! Kila alichoandika nilifuta. Mwishoni akaanza kunililia, eti mwanawe anaumwa. Nikafuta. Kachoka mwenyewe, kaondoa mkono."