Mji Usio na Kisima

Salha alitandaza mkekani ramani ya mji aliojitungia kwa ajili ya riwaya yake. Mama yake, aliyekuwa katika mwezi wa tatu wa eda na tangu mazishi ya mumewe hakuwa amesema zaidi ya kuitikia salamu, aliinama kuitazama.

"Kisima kiko wapi?"

Salha alishtuka. Alikuwa amechora ngome, soko, hata makaburi ya wafalme. Kisima alikisahau.

"Basi watu wako watakufa kwa kiu, mwanangu. Lete penseli."

Mama akachora kisima, kisha kijia cha wanawake kinachopita nyuma ya majumba. Mwisho wa kijia akaweka nyumba ndogo.

"Ya nani, mama?"

"Yangu."

Akaitazama kidogo. Akaufuta mlango, akauchora tena ukiwa wazi.