Paipu Iliyokunjwa

Fundi Maganga alikuwa amelala chini ya pikapu kuukuu, akitoa paipu zote za breki aweke mpya, mkono wake ulipogusa moja iliyokunjwa mara mbili, ikapondwa kwa nyundo na kufungwa uzi wa kijani wa nyavu.

Uzi kama ule alikuwa nao mfukoni.

"Inayovuja nimeiziba," alikuwa amemwambia dereva wa pikapu hiyo, siku ile kabla ya ajali. "Itakufikisha Nkome tu. Ukirudi tuibadilishe."

Mjane wa dereva, aliyeingia asubuhi hiyo kutoka Samuye, aliinama kando ya gurudumu.

"Fundi, umeona kilichomuua?"

Maganga akaifumbata paipu. Mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Bado, mama."

"Marehemu alikuwa na fundi wake hapahapa Kalangalala, akimwamini kama ndugu. Nielekeze kwake, nikampe pole."