Zamu ya Milembe

Kiatu cha kushoto cha Athanasi kilikuwa fahali. Mtoto wa jirani alikichapa kwa kijiti, akakiswaga pamoja na viatu vingine hadi kwenye karai, na ng'ombe wote wakanywa maji. Wazazi waliokaa pekupeku kwenye mabenchi wakacheka. Athanasi naye alicheka, ila kwa kuchelewa.

Mwalimu Domitila alikuwa ametoka mafunzoni Mwanza na mambo mapya. Watoto wa chekechea, alisema, hawajifunzi kwa kuimba a-e-i-o-u tu, hujifunza kwa kucheza. Ndiyo maana asubuhi hiyo aliwaita wazazi waje kutazama mchezo alioupa jina la Kazi za Kwetu. Kila mtoto angeigiza kazi ya mzazi wake.

"Msiwasaidie," aliwaambia wazazi. "Hakuna aliyewafundisha. Watacheza wanachokiona."

Athanasi hakutaka kuja. Mkewe Apolonia naye hakutaka. "Sote tuna kazi," alikuwa amesema wakati wa chai. "Mwalimu ataelewa." Lakini Milembe alilia mpaka wakaja.

Kazi. Athanasi hakuwa na kazi. Kinu cha pamba cha barabara ya Lagangabilili, alikokuwa fundi mashine, kilikuwa kimeuzwa kwa mnunuzi binafsi, na tajiri huyo mpya alikuja na watu wake. Wa zamani wakapunguzwa. Siku ile Athanasi alirudi nyumbani, akamkuta Apolonia anachambua mchele huku akiimba, na hakumwambia. Kesho yake akavaa ovaroli, akaaga, akapanda baiskeli.

Tangu hapo ikawa hivyo. Alishinda kwenye lambo nje ya mji, akiwatazama wachungaji wakinywesha ng'ombe. Akibahatika kupata kibarua cha kupakia magunia, alirudi na chochote. Upande wa ghala la pembejeo, alikokuwa akifanya kazi Apolonia, hakupita kabisa, maana aliogopa mkewe angemwona anazurura. Alipomwambia kwamba mshahara umechelewa, Apolonia hakumhoji. Alijibu tu kwamba hata huko ghalani ni hivyo hivyo.

Lakini Milembe alikuwa ameona. Upepo ulipoezua bati la darasa, chekechea ilifungwa kwa muda, Athanasi na mkewe wakawa wanapokezana mtoto: leo anakwenda kazini na mama, kesho na baba. Athanasi alimpeleka lamboni. Alimwambia kwamba kazi ya baba ni kulinda maji. Jioni, wakati wanakaribia nyumbani, akamfundisha la kusema. Hilo ndilo lililomchoma sasa hapo kwenye benchi. Alikuwa amemfundisha uongo mtoto ambaye bado hajui kufunga vifungo vyake.

"Milembe," mwalimu aliita.

Milembe alikuja katikati akiwa na mwanasesere wa gunzi. Akafunga mchanga kwenye kitambaa, kikawa chakula. Akaiaga meza kana kwamba ni watu wa nyumbani. "Nawahi kazini," akasema. Akazunguka darasa, akageuka kutazama kama anafuatwa, akafika kona ya mbali, akaketi. Hakufanya chochote.

Wazazi walingoja.

"Huyo yuko ofisini," alisema mama mmoja, watu wakaangua kicheko.

Milembe akala chakula chake. Akajinyoosha, akalala kidogo. Akaamka, akachungulia jua dirishani, akalala tena. Kisha akamnyanyua yule mwanasesere wa gunzi mpaka usawa wa macho.

"Ukiulizwa nyumbani," akamwambia, "sema tumefanya kazi sana."

Kicheko kikapungua. Waliokuwa mbele waligeuka, wakajifanya wanatazama mlango. Athanasi alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni. Aliinamisha uso, akaiona miguu yake pekupeku sakafuni, yenye nyufa na vumbi la lamboni, na hakuwa na pa kuificha. Pembeni yake Apolonia alikuwa amejifunika kanga mpaka puani. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Athanasi akamwinamia. Afadhali alisikie kwake kuliko kwa watu.

"Mama Milembe," alinong'ona. "Ni kweli. Walinipunguza tangu msimu ulipofungwa. Siku zote hizi nakaa lamboni. Nilikosa pa kuanzia."

Apolonia hakuinua uso. "Nyamaza, baba Milembe. Nakuomba unyamaze."

 Athanasi alijua hakuwa na haki ya kujibiwa zaidi ya hapo. Alifikiria ndugu wa mkewe kule Malampaka, watakavyoambiwa kwamba binti yao alikuwa anapiga pasi ovaroli ya uongo. Alitamani kuondoka, lakini kiatu chake kimoja kilikuwa bado karaini.

Pale mbele Milembe alikuwa amerudi nyumbani. Akaketi kwenye kigoda, akashusha pumzi ndefu, akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Leo wametuchosha."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Domitila alikuwa ameshaelewa, na aliona haya kwa niaba ya mgeni wake. Akaenda haraka, akachuchumaa, akamshika mtoto begani.

"Inatosha, Milembe. Umemwigiza baba vizuri. Haya, nenda ukakae."

Milembe alimtazama kwa mshangao.

"Huyu si baba," akasema. "Huyu alikuwa mama. Baba ndiyo namcheza sasa."